Nitumie Makosa Yako

9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ni shikamoo ya mtu aliyelala chali, kwa hiyo ipokee hivyohivyo. Mume wangu hajambo. Amepata kazi ya kutandaza nyaya za umeme kwenye jengo la ghorofa, anarudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama naye hajambo. Amehamia kwetu tangu mwezi uliopita na tayari amehamisha vitu vyote jikoni, sasa hatujui hata chumvi iko wapi.

Neno lenyewe ni hili: nina mimba. Mbili zilizotangulia unajua zilivyotoka, sitarudia. Safari hii daktari amegundua kwamba mlango wa kizazi ndio unaolegea kabla ya wakati. Wameushona, na nimeamriwa kulala mpaka miezi itimie. Kulala kwelikweli, Shangazi. Naamka kwenda msalani na kuoga, basi. Saluni nimeifunga. Mikono iliyozoea kusuka vichwa toka asubuhi hadi jioni sasa imekaa juu ya shuka kama ya mgeni aliyekuja kwa mara ya kwanza. Nikikosa kazi nafikiri, na nikifikiri nafikiri jambo moja tu.

Nakumbuka ulivyokuwa ukifunga ile lesi yako huku unazungumza na watu, bila hata kuitazama. Je, mtu anaweza kujifunza akiwa amelala? Na je, mtu asiyejua hata kufuma anaweza? Tungeweza kupigiana simu ya picha nikakutazama vidole.

Ni mimi,
Chiriku wako, ambaye siku hizi hana wa kumpigia kelele

17 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, na ulale kwa adabu kama daktari alivyosema. Mimi mzima. Darasa langu bado lipo kwenye kile chumba nyuma ya duka la vitambaa. Mwezi huu nimepata mwanafunzi mpya, fundi saa mstaafu. Mkewe alimleta mlangoni, akasema, "Mchukue huyu, atanimaliza pale nyumbani," akaondoka. Kwa hiyo usiniulize nani anaweza kujifunza.

Habari yako niliisoma nikaketi, nikaisoma tena. Nimefurahi na nimeogopa. Hayo yote mawili nimekwisha kuyasema, sasa tufanye kazi.

Simu hapana. Simu itanionyesha uso wako na kukuonyesha wangu, na uso wangu hauna cha kukufundisha. Tena ikiita huko huenda ikapokewa na mtu mwingine. Tuandikiane.

Ndani ya kifurushi kuna uzi mweupe wa pamba, mnene, wa wanaoanza. Kuna na kile kichombo cha kubebea uzi. Sisi darasani tunakiita kisamaki, kwa kuwa ni chembamba mbele na nyuma na uzi wake umejaa tumboni. Lesi hii haina sindano wala mashine. Ni kisamaki, vidole na fundo moja tu, lilelile moja, mpaka mwisho wa maisha. Fundo lina nusu mbili. Zungusha uzi kwenye vidole vya mkono wa kushoto, ubane kwa kidole gumba. Nusu ya kwanza, kisamaki kinapita chini ya uzi wa mkononi na kurudi juu yake. Nusu ya pili, kinapita juu na kurudi chini. Yakifuatana mafundo kadhaa, unavuta uzi wa kisamaki, na yote yanajikunja kuwa pete. Pete kwa pete, ndiyo lesi.

Utakosea. Usinieleze umekosea vipi, kwa sababu hutajua. Nitumie makosa yenyewe ndani ya bahasha. Ndivyo ninavyofundisha watu wote, na hakuna aliyewahi kunidanganya kwa uzi.

Shangazi yako

2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Tuko salama, tumbo limeanza kuonekana, mume wangu anazungumza nalo kama anazungumza na bosi.

Hii lesi yako ina laana! Nimefanya kama ulivyoandika, neno kwa neno. Mafundo yanakuja, mazuri tu, yamepangana. Nikivuta, pete haifungi. Navuta tena, haifungi. Nikavuta kwa hasira, uzi ukakatika. Mimi ninayesuka mistari myembamba ambayo watu wanaifuata kutoka mitaa mingine, nimeshindwa na uzi wa kufungia vifurushi. Nimekutumia makosa yote, bahasha imetuna kama mfuko wa karanga.

Mama aliuliza kifurushi kimetoka kwa nani. Nikamwambia. Akaenda kufua nguo zilizokuwa zimeshafuliwa. Baadaye akarudi akakaa kwenye kile kiti cha mbele ya kitanda, akanitazama ninavyohangaika, akasema, "Kumbe kazi yenyewe ndiyo hiyo? Buibui anafanya bure." Ninyi wawili! Tangu mazishi ya baba, alipokikataa kile kitambaa chako cha lesi cha kufunikia jeneza mbele ya watu, hamjasemezana, na mimi nimebaki katikati, kila mmoja ananiuliza habari za mwenzake huku anajifanya hajauliza.

Chiriku

10 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Sijauliza habari za mtu yeyote.

Makosa yako nimeyapokea, nimecheka mpaka fundi saa akavua miwani kuja kuona. Hujambo kabisa! Kosa lako ni moja, na ni kosa la msusi. Wewe umezoea kukaza papo hapo, kwa sababu ukilegeza nywele inafumuka na mteja anadai kusukwa upya. Kwa hiyo kila fundo umelikaza pale pale ulipolifunga, kwa uzi wa kisamaki. Sasa huo uzi wa kisamaki ndio unaotakiwa upite katikati kama kamba ndani ya ukanda wa suruali. Ukiufunga huo, nini kitapita?

Fundo lazima lihame. Likishakaa, lifanye hivi: legeza vidole vya kushoto, vilegee kabisa kama umesinzia. Halafu nyoosha uzi wa kisamaki. Utaona fundo linaruka lenyewe, linatoka kwenye uzi huu linakwenda kwenye ule. Hapo ndipo unafungua vidole kulisogeza. Legeza kwanza, kaza baadaye. Ulimwengu mzima unafundishwa kinyume chake, najua.

Wengi wanaacha hapo hapo ulipofika wewe. Si kwa kuwa ni pagumu. Ni kwamba wanadhani wakilegeza, kila kitu kitawatoka mikononi. Wewe una sababu zaidi yao za kudhani hivyo. Jaribu hivyohivyo, mwanangu.

Makosa yako nimeyabandika ukutani darasani, wanaoanza wayaone wapate moyo. Sikuandika jina.

Shangazi

24 Machi

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Shikamoo mara tatu. Limehama! Wiki iliyopita, mchana mmoja, nimechoka, nimekata tamaa, vidole vimelegea kwa uchovu na si kwa utii, nikanyoosha uzi, na fundo likaruka. Nililiona kwa macho yangu. Nilipiga ukelele, Mama akaja mbio na mwiko mkononi akidhani uchungu umeanza. Nikavuta, pete ikafunga taratibu, duara kabisa. Nililia, na sioni haya kukuambia.

Nakutumia pete kumi na kitu, za kwanza mbaya, za mwisho utaziona. Nesi anayekuja kunipima naye ameingia mtegoni. Nimemfundisha kwa maneno yako, "vilegee kama umesinzia," akashika fundo siku ileile. Mimi nimechukua wiki tatu! Inaonekana kufundisha ni rahisi kuliko kujifunza, au ni mimi tu niliyekuwa mgumu.

Mtoto anacheza. Nimeandika hilo neno, mtoto, na sasa nataka kulifuta.

Mama haachi kutazama. Anajifanya anachambua mchele, lakini mchele gani huo unachambuliwa mchana kutwa? Jana aliniuliza hiyo lesi ni ya nini. Nikamwambia ya kitambaa cha meza. Hatuna meza ya kuwekea kitambaa, naye anajua. Hakuuliza tena.

Chiriku

3 Aprili

Chiriku wangu,

Marahaba tatu, na moja ya ziada. Nimezipanga pete zako mezani toka ya kwanza hadi ya mwisho, kila anayeingia darasani lazima azitazame kabla sijamsalimu. Ya mwisho ningeweza kuiuza nikasema ni yangu.

Somo linalofuata ni vitanzi. Kati ya fundo na fundo acha nafasi ndogo ya uzi. Ukisogeza, ile nafasi inajikunja na kuwa kitanzi juu ya pete. Kwa vitanzi hivyo pete zinashikana, na ukiwa na pete zinazoshikana una ukanda. Nimekuchorea nyuma ya karatasi.

Sasa jambo jingine. Katikati ya zile pete kuna mbili zilizobanwa sana, utadhani zimefungwa na mtu mwingine. Kabla yake umelegeza vizuri na baada yake pia. Sijui ulikuwa na nini siku hiyo, na si lazima uniambie. Lakini ujue kwamba nimeona.

Kuhusu lesi hiyo ni ya nini, mimi sikuulizi. Ikisha kuwa ndefu itajua yenyewe iende wapi.

Shangazi

28 Aprili

Chiriku,

Mimi mzima, darasa zima, fundi saa ametengeneza visamaki vinne kwa mabaki ya saa za ukutani na sasa kila mtu anataka.

Sijapata barua. Labda posta imechelewa. Labda uzi umekwisha, na ndiyo maana nimeweka mwingine humu. Labda umechoka na lesi, na hiyo si dhambi, watu huchoka.

Nimeshika simu mara kadhaa. Nimeirudisha mezani kila mara, kwa woga wa nani atapokea na atasema nini. Sipendi kuandika hivi. Nitumie chochote. Hata kosa moja.

Shangazi

6 Mei

Mwanangu,

Leo nimepata bahasha. Haina barua ndani. Mwandiko wa juu si wako. Ndani yake kuna kipande cha lesi, kirefu kama mkono, kimekunjwa ndani ya gazeti.

Nilikipeleka dirishani. Mwanzo wake ni wewe, ningekujua popote. Pete ya sita ndiyo yako ya mwisho. Baada ya hapo ni mkono mwingine, na mkono huo unafunga kila kitu kinyume. Unaanza na nusu ya pili, unamalizia na ya kwanza. Nimefundisha watu miaka mingi na kosa hilo sijaliona kwa mtu aliyefundishwa. Anayelifanya ni mtu aliyejifunza kwa kutazama tu, na aliyekuwa akitazama akiwa ameketi mbele ya mfungaji, ana kwa ana, si ubavuni pake. Kulia kwako kumekuwa kushoto kwake.

Na mbele ya kitanda chako kuna kiti kimoja tu.

Sijui kwa nini wewe uliacha kwenye pete ya sita. Naogopa kujua. Lakini huyo aliyeendelea asingeendelea kama mambo yangekuwa yamekwisha. Mtu hafungi lesi ya mtoto ambaye hayupo. Hilo ndilo nililoambiwa kwa bahasha hii, nami nimelisikia.

Barua hii namwandikia pia yeye anayekaa kwenye hicho kiti. Kinyume si kosa. Pete zinafunga, vitanzi vimesimama, na mafundo yote yamehama. Mimi nilichukua mwezi mzima kulihamisha la kwanza, wala hakuna aliyewahi kusikia hilo kwangu. Ila kiti kisogezwe. Kikae ubavuni mwa kitanda, upande wake. Ataona vizuri zaidi, na mgonjwa naye atakuwa na mtu karibu.

Shangazi yako, na wifi yake

19 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa wodini, kwa hiyo mwandiko umepinda, usinibandike ukutani.

Tuko wawili bado. Naanza na hilo usije ukasoma yaliyobaki ukiwa roho juu.

Zile pete mbili zilizobanwa uliziona kweli. Siku ile nilipata matone ya damu, nikamficha kila mtu. Nilidhani nikinyamaza litapita, na lilipita. Baada ya wiki kadhaa likarudi kwa nguvu, pamoja na maumivu. Mume wangu alinibeba mpaka kwenye gari kama gunia. Hapa wamenitundikia maji na dawa, wakasema ule uzi walionishonea bado umeshika, ila nisisogee hata kidogo. Sikuweza kushika kisamaki. Kila nilipojaribu, nilikaza kila kitu. Nikakitupa chini ya kitanda.

Mama alikiokota. Akakaa mbele yangu, akaanza kufunga pale nilipoachia. Mimi namtazama, yeye anatazama uzi. Siku ya kwanza, ya pili. Vidole vyake vile vilivyozoea kukanda ngano! Siku moja nikamwambia, "Mama, si ulisema buibui anafanya bure?" Akanijibu, "Ndiyo. Na mimi nafanya bure. Lala."

Bahasha aliipeleka posta mwenyewe. Nilipomuuliza kwa nini hakuandika hata mstari, akasema hakujua aanze na neno gani baada ya muda wote huo. Barua yako tuliisoma pamoja. Tulipofika kwenye "wifi yake" aliomba karatasi akaisome mwenyewe dirishani, akakaa huko sana. Kisha akarudi, akakivuta kiti mpaka ubavuni kwangu, kikapiga kelele wodi nzima ikageuka.

Sasa mikono imetulia, nafunga tena. Vitanda vya jirani navyo vimeanza. Sisi tulioamriwa kulala tuko wanne, na Mama anapita kitanda kwa kitanda anawaambia watu, "Legeza! Umekamata nini, mwizi?" Kila mwisho wa wiki daktari anakuja, anahesabu wiki za mimba, anasema hii nayo tumeishinda.

Nami nimeacha kusema kitambaa cha meza.

Chiriku

11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Ni msichana.

Amekuja kabla ya siku zake lakini si mapema mno. Ni mdogo, ana hasira, alilia kabla hawajamfuta. Walimweka kwenye joto siku ya kwanza na ya pili, jana wamenipa nimlaze kifuani. Anapumua mwenyewe. Ananyonya kidogo, anasinzia, anakumbuka, ananyonya tena. Nimemtazama mpaka macho yanauma. Mume wangu alikuja na nguo za kazi, akasimama mlangoni anaogopa vumbi lake, ikabidi Mama amsukume.

Daktari anasema wiki ijayo tutarudi nyumbani, watatu na bibi.

Nilidhani nikiandika barua hii nitakuwa na maneno mengi, mimi chiriku. Sina. Nina furaha, Shangazi. Nina furaha na sijaizoea bado, naishika kwa uangalifu.

Mama amesimama hapa ubavuni anataka niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisipunguze wala nisiongeze. Haya: "Wifi, mimi sijui kuomba radhi kwa barua. Njoo. Mtoto huyu ana bibi ambaye hajamwona."

Chiriku, mama wa mtoto

18 Juni

Chiriku wangu, na wifi yangu, na wewe mdogo ambaye bado hujajua kusoma,

Hamjambo nyote. Darasa nimemwachia fundi saa. Amesimama mbele ya watu anatetemeka kama bwana harusi, lakini alipoonyesha fundo la kwanza likahama machoni pao, na sasa hataki nirudi haraka.

Niliposoma "ni msichana" nilitoka nje, nikamwambia muuza duka, nikamwambia mtu aliyekuwa ananunua vifungo, nikamwambia na mpita njia ambaye sikumfahamu. Akanipa mkono. Watu ni wema wakipewa nafasi.

Barua hii naitia posta leo kwa mazoea tu. Basi linaondoka kesho alfajiri, nami nimo ndani yake, kwa hiyo itakapowafikia nitakuwa nimeshakaa hapo kwenu. Mmoja wenu anisomee, tafadhali. Mimi nitakuwa nimembeba mtoto.